Ahadi, Jirani na Wakala: Sheria katika Migogoro ya Kila Siku Kyela

Mbali na kesi za jinai na za ardhi, ugomvi unaofika kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa mtendaji wa kata au katika Mahakama ya Mwanzo wilayani Kyela huwa wa aina chache zinazojirudia. Mfanyabiashara amelipia mpunga, mkulima akauza kwa mwingine. Bodaboda imemgonga mtoto aliyekuwa akivuka barabara ya Ipinda. Ng'ombe wamelala katika shamba la mpunga usiku kucha. Dalali amepokea fedha za nyumba na hapatikani tena kwa simu. Kila moja ya kesi hizi ina mahali pake katika sheria, na mdai anayekosea mahali hapo anaweza kushindwa hata kama haki ni yake.

Maswali matatu hutosha kuipanga migogoro hiyo. La kwanza: je, pande hizi mbili ziliahidiana kitu? Kama ndiyo, sheria ya mikataba ndiyo inayotawala. La pili: kama hazikuahidiana, je, upande mmoja ulikuwa na wajibu wa kutomdhuru mwenzake? Hapo ndipo inapoingia sheria ya madhara, inayohusu hasara anayosababishiwa mtu bila kuwapo mkataba. La tatu: aliyetenda alijitendea mwenyewe, au alitumwa? Kama alitumwa, sheria ya uwakala huamua kama aliyemtuma atalipa. Majibu ya maswali haya huonyesha nani ashtakiwe, adaiwe kiasi gani, katika mahakama ipi na ndani ya miaka mingapi.

Sheria hizi zilitoka wapi

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ilitungwa mwaka 1961, lakini mwili wake ni wa Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, ambayo utawala wa Kiingereza uliileta Afrika Mashariki. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inafuata sheria ya Uingereza ya 1893. Sehemu kubwa ya sheria ya madhara haimo katika kitabu kimoja cha Bunge. Ni kanuni zilizojengwa na majaji wa Uingereza kesi baada ya kesi, nazo zinatumika Tanzania kwa nguvu ya Sheria ya Usimamizi wa Haki na Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, iliyoweka tarehe 22 Julai 1920 kuwa siku ya mapokeo yake. Ng'ambo ya mto Songwe, Malawi ilipokea sheria za chimbuko hilo hilo kwa tarehe ya 11 Agosti 1902. Kwa hiyo mfanyabiashara anayevuka mpaka wa Kasumulu na magunia yake hukuta kanuni zinazofanana, ingawa mahakama ni nyingine na sheria za Bunge ni nyingine. Hali ni hiyo pia Kenya, Uganda na hata Kanada, isipokuwa jimbo la Quebec, ambako sheria ya madai ina asili ya Kifaransa.

Sheria ya kimila nayo haikufutwa. Utawala wa machifu ulikoma mwaka 1963, na mwaka huo huo ikatungwa sheria iliyoziweka mahakama za wenyeji katika mfumo mmoja na mahakama nyingine za nchi. Mahakama ya Mwanzo ya leo ndiyo mrithi wa mahakama hizo za wenyeji, na bado ina mamlaka ya kusikiliza madai yanayotegemea mila. Nguvu hiyo ina faida kubwa vijijini, kama itakavyoonekana kwenye madai ya mifugo.

Mkataba: ahadi inayodaiwa

Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba kinataka mambo machache tu: makubaliano ya hiari, watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, kila upande utoe kitu ili upate kitu, na lengo liwe halali. Mwenye uwezo ni aliyetimiza miaka 18 na mwenye akili timamu. Hiari haipo palipo na vitisho, udanganyifu, taarifa za uongo au shinikizo la mtu aliyemshika mwenzake mkononi kwa sababu ya deni au cheo. Karatasi si sharti la kila mkataba. Makubaliano ya mdomo chini ya mwembe, mbele ya mashahidi wawili, ni mkataba kamili kwa shughuli nyingi, kama vile kulima shamba kwa ujira, kufyatua matofali au kushona sare za shule.

Mauzo ya bidhaa yana mtego wake. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inasema kwamba mauzo ya thamani ya shilingi 200 au zaidi hayawezi kudaiwa mahakamani isipokuwa mnunuzi amepokea sehemu ya bidhaa, au ametoa malipo ya awali, au kuna maandishi yaliyosainiwa na anayedaiwa. Shilingi 200 zilikuwa fedha nyingi sheria ilipoandikwa, na leo hazinunui hata soda, kwa hiyo karibu kila biashara ya mazao imo ndani ya kifungu hicho. Ndiyo maana advansi anayoacha mchuuzi wa mpunga, hata ikiwa ndogo, ina uzito mkubwa kuliko maneno matamu. Ujumbe wa simu nao unasaidia, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa kielektroniki kupokelewa kama ushahidi.

Ardhi iko mbali zaidi na maneno ya mdomo. Mkataba wa kuhamisha haki ya kumiliki ardhi hauna nguvu bila maandishi, na ardhi ya kijiji haihami kwa mgeni bila idhini ya halmashauri ya kijiji. Anayenunua ekari mbili za bonde kwa kupeana mkono ananunua kesi.

Baada ya mkataba kuwapo, swali linalofuata ni nini hasa kiliahidiwa. Mchele wa Kyela unajulikana nchi nzima kwa harufu na ladha yake, na jina hilo huongeza bei. Muuzaji anayeandika "mchele wa Kyela" kwenye mfuko, kumbe amechanganya na wa mahali pengine, amevunja sharti ambalo sheria inalihesabu kuwamo katika kila mauzo yanayofanywa kwa maelezo: bidhaa ifanane na ilivyoelezwa. Mnunuzi akiuona mchanganyiko mapema anaweza kuurudisha. Akiwa amekwishaupokea na kuutumia, hubaki na fidia ya tofauti ya thamani. Vivyo hivyo kwa mnunuzi aliyeonyeshwa sampuli ya kilo moja dukani kisha akaletewa gunia la chenga. Bango la "mali ikiuzwa hairudishwi" halimwokoi muuzaji wa namna hiyo. Sheria ya Ushindani ya 2003 inamlinda mlaji dhidi ya masharti yanayofuta haki zake za msingi, na kuisimamia sheria hiyo ni kazi ya Tume ya Ushindani.

Kipimo nacho ni sehemu ya ahadi. Lumbesa, gunia lililoshindiliwa na kushonewa kilemba juu, humfanya mkulima auze kilo nyingi kwa bei ya gunia moja. Wakala wa Vipimo huichukulia kuwa kosa chini ya sheria ya vipimo, lakini hata pasipo na mkaguzi, mkulima mwenye makubaliano ya gunia la kilo 100 anaweza kukataa kutoa zaidi ya hapo. Makubaliano yakitaja kilo, mzani ndio shahidi. Yakitaja "gunia" tu, kila upande utakuja na gunia lake.

Suala la nani abebe hasara ya kitu kilichoharibika njiani linaonekana vizuri Matema, ambako vyungu vya Wakisi wa Ikombe hufikishwa kwa mtumbwi na kuuzwa. Kanuni ni kwamba hasara inafuata umiliki. Mnunuzi aliyefika Ikombe, akachagua vyungu 50, akavitenga na kuafikiana bei, kwa kawaida amekuwa mwenye vyungu hata kabla ya kuvilipia. Mtumbwi ukipigwa na wimbi, hasara ni yake. Aliyeagiza vyungu 50 kwa simu bila kuvichagua bado hana chungu hata kimoja hadi mfinyanzi avitenge kwa ajili yake au avikabidhi kwa mchukuzi. Pande mbili zinaweza kugeuza kanuni hii kwa sentensi moja, kwa mfano wakikubaliana kwamba vyungu vitahesabiwa na kupokewa Matema. Sentensi hiyo ndiyo inayosahaulika mara nyingi.

Mkataba ukivunjwa, kifungu cha 73 kinampa aliyeumizwa fidia ya hasara iliyotokana moja kwa moja na uvunjaji huo, au ile ambayo pande zote mbili ziliijua walipokubaliana. Chukua mkulima aliyekubali kuuza magunia 20 ya mchele kwa shilingi 150,000 kila moja, kisha siku ya kukabidhi akauza kwa mwingine kwa sababu sokoni gunia limefika 180,000. Mnunuzi wa kwanza anamdai tofauti ya 30,000 kwa gunia, jumla 600,000, pamoja na advansi yake. Akidai pia faida ya zabuni ya hoteli ya Dar es Salaam aliyoikosa, atashindwa, isipokuwa alimwambia mkulima tangu mwanzo kwamba mchele huo ni wa zabuni. Kanuni hiyo ina mizizi katika kesi ya mwaka 1854 ya mwenye kinu cha Gloucester, Uingereza, aliyecheleweshewa chuma cha mtambo wake. Mahakama ilikataa kumpa faida aliyoipoteza kwa kuwa mchukuzi hakujua kwamba kinu kilikuwa kimesimama.

Adhabu zilizoandikwa ndani ya mkataba hazichukuliwi kama zilivyo. Bodaboda nyingi hukabidhiwa kwa "mkataba": kijana anapeleka hesabu ya kila wiki kwa muda uliokubaliwa, na mwishoni pikipiki inakuwa yake. Karatasi ikisema kwamba akichelewa siku moja anapoteza kila kitu na kulipa faini ya milioni, mwenye pikipiki hapati milioni hiyo kwa kuionyesha karatasi tu. Kifungu cha 74 kinampa fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichoandikwa, na hakimu ndiye anayepima haki hiyo. Kijana mwenye daftari la hesabu lililosainiwa kila wiki ana silaha nzuri zaidi ya kujitetea kuliko mwenye kumbukumbu nzuri.

Lengo lisilo halali huua mkataba wote. Kyela inaongoza nchini kwa kilimo cha kakao, na zao hilo huuzwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, kwa mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanzishwa na sheria ya mwaka 2005. Mkulima anapima kakao yake kavu, anapewa stakabadhi, mzigo unaingia ghalani na kuuzwa kwa mnada. Pembeni yake kuna biashara ya kificho ambayo wakulima huiita njonjo: mnunuzi anapita nyumbani na fedha mkononi na kuchukua kakao kwa bei ya chini kabla haijafika ghalani. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipopita dola 10,000 kwa tani, majuto ya waliopokea fedha za mapema yalikuwa makubwa. Pale taratibu za serikali zinapokataza mauzo nje ya mfumo, mnunuzi wa njonjo hana mkataba wa kuupeleka mahakamani, maana mahakama haimsaidii mtu kutekeleza kilichokatazwa. Lakini mkulima naye asitegemee mahakama imrudishie kakao aliyoitoa kwa hiari yake katika biashara hiyo. Aliyebanwa na njaa au ugonjwa hadi akakubali bei ya dhuluma ana njia nyingine ya kujaribu, nayo ni kuonyesha kwamba hiari yake ilishinikizwa.

Madhara: wajibu kwa asiyeahidiwa kitu

Mtoto aliyegongwa na bodaboda hakuwa na mkataba na dereva, na bado ana haki ya kulipwa. Msingi wa madai yake ni uzembe, na uzembe una nguzo tatu: dereva alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu kwake, aliuvunja, na madhara yakatokana na kuvunjwa huko. Mipaka ya wajibu huo iliwekwa na mahakama ya juu ya Uingereza mwaka 1932 katika kesi maarufu ya Donoghue na Stevenson. Mwanamke mmoja mjini Paisley, Scotland, alinunuliwa na rafiki yake kinywaji cha tangawizi, na ndani ya chupa mkadaiwa kuwamo konokono. Kwa kuwa hakukinunua yeye, hakuwa na mkataba na mtu. Majaji waliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu kwa kila mtu ambaye ni dhahiri ataathirika na kazi yake, na wakamwita mtu huyo jirani kwa maana ya kisheria.

Jirani huyo yuko kila mahali Kyela. Mkulima aliyenyunyizia kakao dawa iliyoghushiwa na miche ikakauka anaweza kumdai mwenye duka la pembejeo kwa mkataba, na pia anaweza kumdai mtengenezaji au mfungashaji kwa uzembe ingawa hajawahi kuonana naye. Mwenye mashine ya kukoboa aliyepokea mpunga wa watu kuuhifadhi ana wajibu wa kuutunza kama mtu mwangalifu atunzavyo mali yake. Magunia yakiibwa kwa sababu mlango ulifungwa kwa kamba, "nami nimeibiwa" si utetezi. Mwendesha boti ya injini anayekatisha juu ya nyavu za usipa zilizotegwa na kuonekana waziwazi anadaiwa nyavu pamoja na mavuno yanayoweza kuthibitishwa.

Madhara mengine hayahitaji kuthibitisha uzembe. Mwenye mifugo hujibu kwa uharibifu wa wanyama wake katika shamba la mwenzake, na mila za kilimo Tanzania zinalijua dai hilo tangu zamani. Kinachopiganiwa hapo huwa ni tathmini. Utaratibu unaofaa ni kumwita ofisa ugani na viongozi wa kijiji siku hiyo hiyo, kupima eneo lililoliwa, kuandika hatua ya ukuaji wa mpunga na kupiga picha. Baada ya wiki mbili mpunga utakuwa umechipua tena au umekauka, na kila mmoja ataapa kwa anachokijua. Maji yaliyokusanywa na kufunguka yakazamisha shamba la chini yanaingia katika kanuni ya mwaka 1868 kutoka Uingereza: anayeweka kwenye ardhi yake kitu kisicho cha kawaida na chenye hatari kikitoroka, hubeba hasara yake. Mafuriko ya kawaida ya mito Kiwira, Mbaka na Songwe hayamo, kwa kuwa hakuna aliyeyaweka.

Kero ni aina nyingine. Pumba na vumbi la mashine ya mpunga likiingia kila siku katika nyumba ya jirani, au muziki wa baa ukizuia watu kulala, swali ni kama usumbufu umezidi kiasi ambacho mtu wa kawaida wa eneo hilo angeuvumilia. Mashine inayofanya kazi mchana katika mtaa wa biashara si sawa na ile iliyohamishiwa katikati ya makazi. Mdai wa kero mara nyingi anahitaji amri ya kusimamisha au kurekebisha kuliko fedha.

Jina la mtu pia linalindwa. Kumtangaza mwenzako msibani kwamba ni mwizi au mchawi ni kashfa inayodaiwa fidia, na tuhuma za uchawi ni kosa la jinai pia chini ya Sheria ya Uchawi, Sura ya 18. Sheria ya Ndoa ya 1971 ina madai yake: mume au mke anaweza kumdai fidia mtu aliyezini na mwenzi wake, kesi ambayo wengi huiita ya ugoni, na aliyeachwa baada ya ahadi ya ndoa anaweza kudai gharama alizozipata.

Kosa moja linaweza kuwa jinai na madai kwa pamoja. Dereva anaweza kutozwa faini na mahakama ya jinai, na faini hiyo inaingia Hazina. Gharama za hospitali na kipato kilichopotea hudaiwa katika kesi ya madai. Aliyekufa kwa ajali, wategemezi wake wanaweza kudai chini ya sheria ya ajali za vifo, Sura ya 310, na sheria hiyo hiyo inaruhusu fidia kupunguzwa pale ambapo aliyeumia naye alichangia ajali, kama vile kuvuka bila kuangalia au kupanda mshikaki wa watu watatu.

Uwakala: anayelipa kwa kazi ya mwingine

Dalali wa nyumba, konda wa basi, muuzaji dukani, katibu wa AMCOS na wakala wa fedha za simu wana jambo moja la kisheria: wanafanya shughuli kwa niaba ya mwingine. Wakala akifanya alichotumwa, mkataba ni wa aliyemtuma. Akizidisha mamlaka, aliyemtuma bado anaweza kufungwa kama alimwacha aonekane na mamlaka hayo machoni pa watu. Mwenye duka anayemwacha kijana wake auze kila siku hawezi kuikana bei aliyoitoa kijana huyo kwa mteja asiyejua kwamba jana usiku waligombana.

Dalali ana wajibu wa uaminifu. Haruhusiwi kupokea malipo ya siri kutoka kwa pande zote mbili wala kujinunulia nyumba aliyotumwa kuiuza bila kumwambia mwenyewe. Hatari kubwa kwa mnunuzi ni kumlipa dalali asiye na mamlaka ya kupokea bei. Dalali aliyetumwa kutafuta mteja hakutumwa kupokea fedha, na akipotea nazo, mwenye nyumba anaweza kudai bei yote upya. Karatasi ya kumpa dalali mamlaka, au kumlipa mwenye nyumba moja kwa moja kwa benki, huondoa ubishi huo.

Chama cha ushirika kilichoandikishwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 ni mtu kisheria, tofauti na viongozi wake. Mkulima aliyekabidhi kakao kwa karani wa AMCOS na kupewa stakabadhi anakidai chama, hata kama karani ametoroka. Chama kitamtafuta karani wake chenyewe. Asiye na stakabadhi atajikuta anamdai karani peke yake, na kwa ushahidi wa maneno matupu.

Fedha iliyotumwa kwa namba isiyo sahihi inarudi kwenye Sheria ya Mikataba. Aliyepokea fedha kwa makosa anapaswa kuirudisha, na kuitoa haraka hakumfanyi kuwa mmiliki. Wakala wa mtandao wa simu aliyekosea tarakimu mwenyewe anajibu kwa uzembe wake. Mteja aliyeandika namba isiyo sahihi anamdai aliyepokea.

Swali gumu zaidi liko barabarani: mwenye pikipiki analipa kwa ajali ya dereva wake? Mwajiri hujibu kwa uzembe wa mwajiriwa wake uliotendeka ndani ya kazi. Anayejitegemea hujibu mwenyewe. Dereva anayepeleka hesabu ya kila siku, anayepangiwa kijiwe na muda wa kurudisha pikipiki, yuko karibu na mwajiriwa. Aliye kwenye "mkataba" wa kununua, anayefanya anavyotaka mradi alipe, yuko karibu na mfanyabiashara huru. Deiwaka, aliyeazimwa pikipiki na dereva kwa saa chache, humpa mwenye chombo utetezi wa kusema hakumtuma mtu huyo. Mahakama hutazama nani alikuwa na udhibiti na safari ilikuwa kwa faida ya nani, na jina lililo kwenye kadi ya usajili ni mahali pa kuanzia tu.

Kwa sababu hiyo bima huwa na maana kuliko ubishi juu ya nani bosi. Sheria ya bima ya vyombo vya moto, Sura ya 169, inalazimisha kila chombo cha moto barabarani kuwa na bima ya mtu wa tatu, ile inayoitwa bima ndogo, inayogharamia kifo na majeraha ya mwili. Mdai mwenye hukumu anaweza kuidai kampuni ya bima. Kioo cha duka kilichovunjwa na pikipiki hakimo katika ulazima huo.

Mlango wa kubisha

Polisi hawakusanyi madeni. Deni la mkataba lisilo na udanganyifu ndani yake ni madai, na kumweka mdaiwa mahabusu ili alipe kunaweza kumgeuza mdai kuwa mdaiwa. Hatua ya kwanza iliyo bora ni barua ya madai yenye kiasi, sababu na muda wa kulipa, ikifuatiwa na usuluhishi wa viongozi wa kijiji au baraza la kata. Makubaliano ya usuluhishi yaliyoandikwa na kusainiwa ni mkataba mpya.

Usuluhishi ukishindikana, Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka juu ya madeni ya mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30, kwa mujibu wa marekebisho ya mwaka 2016, pamoja na madai ya kimila kama mifugo shambani. Madai ya uzembe au kero yanayosimama juu ya kanuni za Kiingereza kwa ujumla si yake. Hayo hufunguliwa Mahakama ya Wilaya, na hapo ndipo kesi nyingi halali hufa kwa kuanzia mlango usio wao. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo huenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30, kisha Mahakama Kuu, ambayo kwa wakazi wa Kyela iko Mbeya. Marekebisho ya 2021 yalifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na mwaka huo huo mabaraza ya kata yaliondolewa uamuzi wa kesi za ardhi na kubakizwa na usuluhishi. Anayedai halmashauri ya wilaya au serikali ya kijiji hutoa kwanza notisi ya siku 90 na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu.

Muda nao huua haki. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka sita kwa madai ya mkataba, mitatu kwa madhara na 12 kwa ardhi. Mkulima aliyepoteza shamba la kakao kwa dawa ya kughushi akisubiri miaka minne bado anaweza kumdai muuzaji kwa mkataba, lakini dai lake dhidi ya mtengenezaji limekwisha.

Mahakamani, anayedai ndiye anayethibitisha, na kiwango chake ni uwezekano ulio mzito zaidi, tofauti na jinai ambako shaka ya maana humwokoa mshtakiwa. Hasara zenye takwimu, kama nauli, dawa, matengenezo na siku za kazi zilizopotea, hutajwa moja moja na kuthibitishwa kwa risiti. Maumivu na usumbufu hupimwa na hakimu mwenyewe. Baada ya hukumu, mshindi asiyelipwa huomba kukaza hukumu. Mali ya mdaiwa hukamatwa na kuuzwa na dalali wa mahakama, isipokuwa vitu ambavyo sheria imevikinga, vikiwamo nguo na vitanda vya familia, vyombo vya kupikia, na zana za fundi au mkulima. Kwa hiyo kabla ya kufungua kesi, mdai hupima pia kama mdaiwa ana kitu kinachoweza kukamatwa, kama kuna bima, chama au mwajiri nyuma yake, na kama kiasi kinachodaiwa kinazidi gharama za kukidai.